Wanaanza kwa kumwita baba

Haya wasomaji wangu, mwezi huu maswali yamejaa na mengi yanazunguka jambo moja, vijana hasa mabinti walioamua kusimamia haki kwenye vikundi vyao na sasa wanabanwa, wengine na ofisi za serikali, wengine na wenzao wenyewe, wengine nyumbani. Nimechagua manne, mawili ya Tabora mawili ya Kigoma. Majina sijaweka na vijiji sijavitaja, mnaelewa kwanini.

Swali la kwanza, kutoka Urambo

"Shangazi mwangaluka, na shikamoo. Mie binti wa miaka 23. Tuna kikundi chetu cha mabinti, kazi yetu kubwa ni wanafunzi wanaokatishwa shule waolewe. Huku msimu wa tumbaku ukiwa mzuri mtu ana hela anataka kuoa, ukiwa mbaya mzazi ana deni la pembejeo anataka mahari, kwahiyo binti anaolewa tu mwaka wowote. Tunaenda kwa mwalimu mkuu, tunaenda kwa mzazi, ikishindikana dawati la jinsia polisi. Sasa tulipouliza kwenye mkutano wa kijiji kwanini kesi nyingi zinaishia kwa viongozi watu wanasuluhishana kwa ng'ombe, ndo shida ikaanza. Mtendaji hakuniita mimi, alimwita baba. Akamwambia mwanao anatumika na mabeberu, na kipindi hiki anaweza kupotea usijue alikoenda. Baba karudi hajafoka, kasema tu kama naendelea nitafute pa kulala. Wenzangu wawili wameshatoka, mmoja mchumba wake kamwambia achague. Niache?"

Marahaba mwanangu. Usiache. Ila usiendelee vile vile kama vile hakuna kilichotokea, maana kimetokea kitu na inabidi tukitazame vizuri.

Una miaka 23, mtu mzima, unapiga kura, Katiba ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni na ibara ya 20 inakupa uhuru wa kukutana na wenzio na kuunda umoja. Kijana wa kiume wa umri wako akisema maneno yale yale kwenye mkutano ule ule ataitwa yeye, atatishwa yeye, pengine atalala ndani yeye. Wewe kaitwa baba. Na hii naiona kila mahali mabinti wanapoandika, mmoja kaitiwa kaka yake, mwingine mumewe kaambiwa na bosi wake kazini amtulize mkewe, mwingine mchungaji kapewa ujumbe amfikishie. Kiongozi asiyetaka kuulizwa maswali hana haja ya kutuma polisi kwa binti kama kuna baba na mchumba wa kumnyamazisha bure, tena kwa upendo, tena bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba kuna mtu alitishwa. Ndo maana mie siwaelewi kabisa wanaosema haki za mwanamke nyumbani ni jambo moja na uhuru wa raia kuhoji serikali ni jambo lingine, kwako wewe hapo Urambo mambo hayo mawili yamekutana ofisini kwa mtendaji siku baba yako alipokaa kwenye kile kiti.

Na ni mambo ya zamani haya. Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 TANU walipomtaka, aliombwa kwanza mumewe. Akaingia, akapita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, akawaleta wanawake kwa wingi kwenye chama wakati wanaume wengi wenye ajira za serikali ya mkoloni hawaruhusiwi hata kuwa na kadi. Halafu baada ya uhuru kila kitu cha wanawake kikawekwa ndani ya UWT toka 1962, na miaka ikaenda hivyo, mwanamke ana sauti lakini kupitia jumuiya ya chama.

Vyama vingi viliporudi 1992 ndo likaja Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilisajiliwa 1995, mwenyekiti wake Anna Tibaijuka ambaye baadae alienda kuongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Nataka mabinti wote wanaosoma hapa waijue BAWATA maana shuleni hamfundishwi. Hawa akina mama hawakubeba jiwe wala bango, walifanya kitu cha kawaida tu, kuelekea uchaguzi wa 1995 waliwaambia wanawake wawaulize wagombea watafanya nini kuhusu maji, ardhi, mirathi, afya, yaani wapime kabla ya kupiga kura. Basi wakaambiwa wanafanya siasa, kwamba ni chama cha siasa kimejificha. 1996 wakasimamishwa, 1997 wakafutwa kabisa. Wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaja kusema kuwafuta kulikuwa kinyume cha Katiba, lakini imesema lini? 2009. Miaka 12 baada ya kufutwa. Walishinda kesi na baraza lenyewe lilikuwa limeshakufa, wanachama wameshatawanyika, na mabinti waliokuwa wadogo wakati ule wamekua bila kujua liliwahi kuwepo. Kwahiyo ukisikia "mnafanya siasa" ujue neno hilo lina historia, linatoka pale mwanamke anapoacha kugawa msaada na kuanza kuuliza swali kwa mwenye ofisi. Nyie mlipokuwa mnamrudisha mtoto mmoja mmoja shule mlipigiwa makofi, mlipouliza ng'ombe anaenda kwa nani mkawa mmetumwa.

Sasa vya kufanya. Baba yako hajakufukuza, ameogopa, mzazi akiambiwa mwanae anaweza kupotea katika miaka hii ambayo watu wametekwa kweli na familia zinazunguka vituo vya polisi, ana haki ya kuogopa na wewe usimjibu kwa hotuba. Mrudie na mtu anayemheshimu, shangazi yako wa damu, au mwalimu mstaafu, au mzee wa kanisani au msikitini, na mmpe kitu cha kumjibu mtendaji akiitwa tena. Kitu chenyewe kipo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba ni jela miaka 30. Hapo wewe unasimamia sheria ya nchi, anayeisuluhisha kwa ng'ombe ndo anaivunja. Mwambie pia kuhusu Rebeca Gyumi, binti wa Kitanzania aliyeenda Mahakama Kuu kupinga vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozeshwa mzazi akikubali, akashinda Julai 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi Oktoba 2019. Mahakama ilitoa mwaka mmoja sheria irekebishwe, na mnajua wenyewe mwaka huo ulivyorefuka. Na mkoa wetu huu wa Tabora utafiti wa taifa wa 2010 ulionyesha wasichana 58 kati ya 100 wanaolewa kabla ya miaka 18, tulikuwa nyuma ya Shinyanga tu. Baba akiyajua haya anakuwa na la kusema, sasa hivi hana, ana hofu peke yake.

Kuhusu mtendaji, akitaka kuhoji kikundi aandike barua kwa kikundi. Mkiitwa msiende mmoja, nendeni watatu na msaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, muulizeni afisa ustawi wa jamii wilayani atawaelekeza. Na lile neno la kupotea liandikeni leo, tarehe, saa, nani alikuwepo, alisema nini, nakala moja ikae kwa mtu wa nje ya wilaya, na toeni taarifa kwa Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, hiyo ndo kazi yao.

Hao wenzio waliotoka waacheni mlango wazi tafadhali. Msiwaite waoga kwenye grupu. Mwenye mchumba anayemwambia achague amebanwa vile vile ulivyobanwa wewe, pengine zaidi.

Swali la pili, kutoka Kigoma Mjini

"Shikamoo shangazi. Nipo kwenye umoja wa vijana, wavulana kwa wasichana, tunadai katiba mpya na uwajibikaji. Kila nikileta mambo ya unyanyasaji wa wasichana, hata wa humo humo ndani ya umoja wetu, naambiwa dada tulia, hilo tutalishughulikia tukishapata katiba, tusigawane sasa hivi adui ni mmoja. Mie ndo naandika mihtasari na ndo naagiza chai, lakini kwenye redio wanaenda wao. Je nikiwa na subira nitakuwa nimekosea?"

Marahaba. Utakuwa umekosea ndio.

Nenda tu Sudan, maana hawa yamewapata mbele ya macho ya dunia. Kuanzia Desemba 2018 mpaka Rais Bashir anaangushwa Aprili 11, 2019, wanawake ndo walijaza barabara za Khartoum, wasichana wa chuo, wauza chai wa barabarani ambao polisi wa maadili walikuwa wanawasumbua kwa faini na viboko, akina mama wa mitaani. Ile sheria ya utulivu wa umma ilikuwa inamruhusu polisi kumkamata mwanamke kwa kuvaa suruali, kwahiyo kwao kumuondoa dikteta na kuvaa nguo bila kuchapwa ilikuwa ni vita moja. Walipoanza kugawana madaraka kule juu waliahidiwa asilimia 40 ya viti vya bunge la mpito. Baraza kuu la watu 11 likaundwa, wanawake wawili. Lile bunge lenyewe halikuundwa hata siku moja, Oktoba 2021 majenerali wakapindua, Aprili 2023 vita. Walichopata kweli kweli ni kile walichokidai bila kusubiri, sheria ile ya utulivu wa umma ilifutwa Novemba 2019 kwasababu hawakukubali kuambiwa mje baadae. Na leo hii vitani wanaopikia watu na kutibu watu kwenye mitaa ya Khartoum na Omdurman ni vijana, wasichana kwa wavulana, wengi walijuana kwenye zile kamati za mitaa za mapinduzi. Kile mlichojenga kati yenu ndo kitabaki mambo yakiharibika, sasa kama mlichojenga ni kikundi ambacho msichana anashikwa shikwa na anaambiwa atulie, mtabaki na hicho.

Na nyie wa Kigoma mna mfano wa karibu zaidi. Mnakumbuka Mei 2015 MV Liemba ilivyokuwa inabeba Warundi kutoka Kagunga, maelfu wamelala ufukweni, kipindupindu kimeingia. Walikuwa wanakimbia yale ya muhula wa tatu wa rais wao Nkurunziza. Kule Bujumbura vijana wa kiume walikuwa wanazuiwa mitaani kwao kila siku hawafiki katikati ya mji. Mei 10 wanawake walipanga maandamano yao wenyewe na wakafika mpaka uwanja wa Uhuru mjini kati. Wako wanawake wa kirundi waliokimbilia kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani kwenu wanayajua haya kwa miguu yao, mie ningekuwa wewe ningewatafuta niwaulize walijipangaje, nani alibaki na watoto siku ile.

Kwahiyo kikao kijacho usiombe nafasi ya mada yako mwishoni baada ya mengineyo. Sema mambo matatu na yaandikwe, tena safari hii aandike mwingine: malalamiko ya unyanyasaji ndani ya umoja yanapokelewa na watu wawili wanaoaminika na mmoja awe mwanamke, anayelalamikiwa anakaa pembeni mpaka limalizike, na kwenda redioni ni kwa zamu. Wakikataa utakuwa umejua mapema uko na watu gani. Wapo wanaume kwenye huo umoja wanaokuunga mkono kimya kimya, nina uhakika, hao waambie wasikuunge mkono inbox, wainue mkono kikaoni.

Hiyo hoja ya adui mmoja nayo ijibu. Wanaotaka kuuvunja umoja wenu watapitia hapo hapo kwenye siri mnayoificha, ile ya kijana fulani na msichana fulani, wataitoa siku wanayoitaka wao.

Swali la tatu, kutoka Kasulu

"Shangazi sisi ni vijana kumi na kitu, wa kiume na wa kike, tusajili kikundi au tubaki hivi hivi? Wengine wanasema tukijisajili tumejikabidhi."

Sajilini. Bila usajili mkutano wenu wowote unaweza kuitwa kusanyiko lisilo halali na hamna pa kusimamia. Kwa kuanzia si lazima NGO ya taifa, kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri kupitia maendeleo ya jamii, na hata Sheria ya NGO ya 2002 ina ngazi ya wilaya na mkoa. Ila toka marekebisho ya 2019 masharti ya taarifa na hesabu yamekaza, kwahiyo hesabu zenu ziwe safi toka shilingi ya kwanza maana mtu akitaka kuwafunga hapo ndo pa kuanzia.

Moja la kuwa nalo makini. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ni haki yenu na mkopo hauna riba, lakini msiuchukue kwa jina la kikundi kile kile kinachohoji halmashauri. Nimeona vikundi vinapata mkopo halafu kwenye kikao cha bajeti hakuna anayefungua mdomo. Tengenezeni kikundi cha uzalishaji pembeni, cha mashine ya mawese au chochote, na kile cha haki kijitegemee kwa michango yenu midogo.

Na majina na namba za wanachama msiziache kwenye kila simu.

Swali la nne, kutoka Isevya, Tabora Mjini

"Mhariri, mimi ni mama, naona unawahamasisha watoto wetu. Binti yangu anasoma chuo. Toka yale ya Oktoba sina usingizi. Nimemnyang'anya simu, nimemwambia mambo ya haki za wanawake aachane nayo asome. Ananiona mimi ndo adui. Wewe ungekuwa mzazi ungefanyaje?"

Dada yangu, pole, na asante kwa kuandika maana barua yako ndo nimekaa nayo muda mrefu kuliko zote. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima na Dar es Salaam ikatangaziwa watu wasitoke usiku, wazazi wangapi hapa Tabora walikuwa wanapiga simu haipokelewi, mtoto yuko chuo Dar au Mwanza au Arusha. Wapo waliozika. Wapo ambao hawajapata wa kuzika. Siwezi kukwambia usiogope na sitakwambia.

Ila nitakwambia habari ya akina mama wenzako. Nairobi, Februari 28, 1992, enzi za Rais Moi, akina mama wazee wenye watoto waliofungwa kwa ajili ya siasa walienda kukaa Uhuru Park wakagoma kula, Wangari Maathai yule mtetezi wa mazingira akiwa nao, na mama wa mfungwa mmoja, Koigi wa Wamwere, akiwemo. Walikuwa wakulima, wengi hawakuwahi kuhutubia popote. Machi 3 polisi wakaja na mabomu ya machozi na marungu, Wangari akapigwa mpaka akazimia, na wale mama kwa kukosa kingine cha kujikinga nacho wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao. Lakini hawakukata tamaa, walihamia kanisa kuu la All Saints wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mpaka mapema 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wanawadai wakaachiwa. Wale nao waliogopa kama wewe, na huenda baadhi waliwahi kuwaambia watoto wao waachane na siasa wasome. Lakini walipokutana wakagundua hofu ya mama mmoja mmoja nyumbani kwake ndo iliyokuwa inaiweka serikali salama.

Sikwambii ukagome kula. Nakwambia hao mabinti wa kikundi cha mwanao wana mama zao, na hamjuani. Tafutaneni. Mama watano wanaojuana kwa namba wanaweza kufika kituo cha polisi pamoja ndani ya nusu saa, na hiyo nusu saa ina uzito sana maana mtu anayeulizwa mapema na watu wengi ni vigumu kumhamisha usiku kimya kimya.

Na mjue haya. Akikamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake, ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, akipekuliwa apekuliwe na askari mwanamke, na sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi kama kosa linadhaminika. Najua mara ngapi hayo hayafuatwi, lakini anayefika kaunta akiyataja kwa sauti ya upole anasikilizwa tofauti na anayelia peke yake.

Haki za wanawake usimwambie aachane nazo dada, wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mumeo alipofariki shemeji zako walikuja kuhesabu mabati (hiyo sehemu ya barua nimeiacha isichapwe, lakini nimeisoma). Mwanao aliyaona yale akiwa mdogo. Anachokifanya leo kimeanzia hapo nyumbani kwako.

Simu mrudishie leo, maana bila simu humpati ukimtafuta. Ukimpa kaa nae mezani, mwandike kwenye karatasi namba yako, ya wakili au msaidizi wa kisheria na ya mama mmoja wa mwenzie, akariri zote tatu kichwani, halafu na wewe uzikariri.